Kinamasi ndani ya sebule: Piga hesabu kabla ya kununua kioo

KATIKA miji yetu, tangi la samaki si kitu kigeni tena. Hupatikana hotelini, katika vyumba vya kungojea daktari na hata kwenye sebule za watu wa mapato ya wastani. Hata hivyo, wapo wasioridhika na maji na samaki pekee. Hao hutaka ukingo wa mto wenyewe uhamie nyumbani: maji chini, mawe na udongo kando yake, makangaga yakining'inia juu na maporomoko madogo yakichuruzika usiku na mchana.

Chombo cha aina hiyo huitwa paludariamu, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Tofauti yake na tangi la kawaida ni kwamba sehemu moja ni maji na nyingine ni nchi kavu, na zote mbili hukaa ndani ya kioo kimoja na kutegemeana. Mizizi hufyonza uchafu wa samaki, mvuke wa maji hulisha majani, nayo majani huwapa samaki kivuli.

Ni mradi wa kupendeza, ila si wa kuanza kwa pupa. Tangi dogo likiharibika, mwenyewe hupoteza samaki wachache na pesa kidogo. Kinamasi kikubwa kikipasuka, mamia ya lita za maji humwagika kwenye dari ya jirani. Na mimea au samaki wake wakiponyoka, hasara huweza kufika mtoni na ziwani, ikadumu vizazi na vizazi. Ndiyo maana kazi ya kwanza hufanywa kwa kalamu na karatasi, wala si kwa silikoni na kioo.

Wazo lenyewe lina umri wa karibu karne mbili. Mnamo 1829, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifukia kifukofuko cha nondo katika udongo ndani ya chupa iliyofunikwa. Baada ya muda aliona kangaga likichipuka humo bila kutiliwa maji, ilhali makangaga ya bustani yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa viwanda. Alitambua kwamba unyevu ulipanda, ukaganda kwenye kioo na kurudi udongoni. Masanduku ya kioo yaliyobuniwa kutokana na ugunduzi huo yalitumiwa baadaye kusafirishia mimea baharini, ikiwemo michai iliyotolewa Uchina na kupelekwa India.

Tangi la samaki nalo lilishika kasi katika karne iyo hiyo, na mnamo 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kwanza la kuwaonyesha umma samaki walio hai ndani ya vioo. Paludariamu ni ndoa ya vitu hivyo viwili.

Sakafu itabeba kiasi gani?

Swali la kwanza halihusu samaki wala maua, bali uzani. Tuchukue mfano wa chombo chenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 160, kinachojazwa maji hadi sentimita 40. Zidisha 180 kwa 70, kisha kwa 40, na ugawanye kwa 1,000. Utapata lita 504. Maadamu lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, maji pekee ni zaidi ya nusu tani.

Kioo chenye unene wa milimita 12 kina uzani wa kilo 30 kwa kila mita mraba. Chombo hiki kitahitaji mita mraba zipatazo tisa za kioo, yaani kama kilo 280. Ongeza mawe, changarawe, magogo na udongo wa kilo 150, na jumla inakaribia kilo 930 kabla ya kuhesabu meza ya chuma itakayokibeba.

Mzigo huo wote utalala juu ya eneo la mita mraba 1.26 pekee, ambayo ni takriban kilo 740 kwa kila mita mraba. Sakafu za nyumba za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Hii haimaanishi kwamba sakafu itaporomoka papo hapo, kwa kuwa mzigo uliokaa mahali pamoja husambaa katika zege na mihimili ya karibu. Maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kukisia. Nchi iliyoshuhudia jengo la Huruma, Nairobi, likiporomoka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 inajua vyema kwamba si kila ghorofa ilijengwa ilivyopaswa.

Kwa hivyo, anayeishi kwenye nyumba ya chini iliyomiminwa zege juu ya ardhi yuko katika hali nafuu zaidi. Anayeishi orofani apate kwanza kauli ya mhandisi wa majengo na idhini ya mwenye nyumba, kisha akiweke chombo kando ya ukuta unaobeba jengo, kamwe si katikati ya chumba. Akikosa mojawapo ya hayo, apunguze ukubwa. Chombo chenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 50 na maji ya kina cha sentimita 25 kina lita 125 tu, na bado kinaweza kubeba msitu wa kuvutia.

Lipo jambo moja la kumtia moyo mjenzi. Shinikizo la maji kwenye kioo hutegemea kina cha maji, si kimo cha chombo. Sehemu ya juu, ambako mimea hukaa, haisukumwi na maji na inaweza kutengenezwa kwa kioo chembamba na kuwekewa milango. Milango hiyo ipangwe mapema, na iwe mikubwa. Pembe ambayo mkono haufiki haitasafishwa kamwe, na uchafu wake ndio utakaooza.

Maji ya mfereji na mitungi ya kila wiki

Swali la pili ni chanzo cha maji. Maji ya mfereji mijini hutiwa klorini ili kuua viini. Klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wenye manufaa. Klorini ya kawaida hutoweka maji yakiachwa wazi kwa siku moja au zaidi, hasa yakikorogwa na pampu ya hewa, au inaweza kuondolewa kwa dawa inayouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo.

Maji ya visima nayo yana tabia za mahali yanakotoka. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini mengi ya floraidi, na pwani huweza kuwa na chumvi na chokaa. Aliye na paa safi na tangi la kuvunia mvua ana bahati, kwa sababu maji ya mvua hayana chokaa na yanafaa kuongezea yale yanayopungua kwa mvuke. Maji yakigeuka mvuke, chumvi zake hubaki nyuma. Anayeongeza maji ya kisima kila mara huishia kuwa na maji mazito kuliko aliyoanza nayo.

Fauka ya hayo, sehemu ya maji hubadilishwa kila wiki, aghalabu kati ya asilimia 10 na 20. Kwa mfano wetu, hizo ni lita 50 hadi 100, yaani mitungi miwili na nusu hadi mitano ya lita 20. Katika mtaa ambao mifereji hukauka siku tatu kwa wiki, hesabu hii pekee yatosha kuamua ukubwa wa chombo. Habari njema ni kwamba maji yanayotolewa ni mbolea nzuri kwa maua ya chunguni na sukumawiki.

Mawe pia huathiri maji. Jiwe la chokaa, pamoja na matumbawe, huyeyuka polepole na kuyafanya maji yawe magumu. Kabla ya kuliingiza jiwe, lidondoshee tone la siki. Likitoa povu, liache nje. Matumbawe yabaki baharini kwa sababu nyingine pia: ni makao ya viumbe hai.

Umeme, joto na mbu

Taa ya wati 60 ikiwaka kwa saa 10 kila siku hutumia yuniti 0.6 za umeme. Pampu ya wati 25 isiyozimwa hutumia yuniti 0.6 vilevile. Jumla ni yuniti 36 kwa mwezi. Hadi hapo gharama inavumilika. Lakini kipasha joto cha wati 300 kikifanya kazi saa 10 kwa siku huongeza yuniti 90, na bili huwa zaidi ya mara tatu.

Basi heri kuchagua samaki kulingana na mji kuliko kuulazimisha mji ufanane na samaki. Mombasa na Kisumu hazina haja ya kipasha joto. Nairobi, Eldoret na Nyahururu zina usiku wa baridi, hasa Julai, na huko wanafaa samaki wanaostahimili maji ya nyuzi 18 hadi 22. Mmoja wao ni danio, samaki mdogo mwenye mistari kama ya punda milia, ambaye asili yake ni India na nchi jirani zake.

Kukatika kwa umeme ni sehemu ya mpango, si ajali. Maji yasipozunguka kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani ya kichujio huanza kufa kwa kukosa hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri yapaswa kuwekwa tayari tangu siku ya kwanza. Kadhalika, kila waya unaotoka majini uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayofuata waya yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Fundi umeme aweke swichi inayokata umeme unapovuja.

Na maji yaliyotuama huvuta mbu. Mbu wa homa ya dengue, ugonjwa ambao umewahi kuzuka Mombasa mara kadhaa, hupenda kutaga kwenye maji safi ya majumbani. Samaki wadogo hula viluwiluwi wa mbu, lakini hawawezi kuvifikia vidimbwi vilivyo juu ya mawe. Kila kishimo cha nchi kavu kiwe na njia ya kutiririkia majini.

Wiki sita bila samaki

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na methali hii haijapata mahali panapoifaa zaidi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na amonia ni sumu. Katika maji yaliyokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mimea na haina madhara makubwa ikiwa kidogo.

Bakteria hawa huja wenyewe, lakini huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka kiasi cha kutosha. Wakati huo chombo huendeshwa kikamilifu, pampu ikizunguka na mimea ikishika mizizi, huku kikitiwa chakula kidogo cha samaki kioze na kuwalisha bakteria. Samaki huingizwa wachache wachache baada ya vipimo kuonyesha kwamba amonia na nitriti zimeisha. Anayewatia wote siku ya kwanza huwaokota wakielea kabla ya mwezi kwisha, kisha humlaumu aliyemuuzia.

Mimea: kila mmoja na daraja lake

Faida kuu ya paludariamu ni kwamba mimea ya nchi kavu hupata kaboni kutoka hewani bila shida na kuingiza mizizi majini kunyonya nitrati. Panga daraja tatu. Ndani ya maji na ukingoni, weka mimea isiyohitaji mwangaza mkali kama anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na kangaga la Java, ambayo yote hufungwa kwenye gogo au jiwe badala ya kuzikwa changaraweni. Katikati, penye unyevu, pana nafasi ya makangaga madogo na kuvumwani, ule utandu wa kijani unaofunika mawe ya msituni. Juu, ambako maji hayatuami, weka mimea inayochukia mizizi iliyolowa.

Daraja hii ya juu yaweza kupambwa na ua la nyumbani kwetu Afrika Mashariki. Mnamo 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa utawala wa Kijerumani mkoani Tanga, alituma Ujerumani ua la zambarau lililomea kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliliita Saintpaulia. Leo ua hilo hupandwa kwenye vyungu kote duniani, na Wajerumani bado hulitaja kwa jina la Usambara. Jamaa zake humea pia katika milima ya Taita na misitu michache ya pwani ya Kenya.

Huko kwao, hata hivyo, ua hili limo hatarini kwa sababu misitu inakatwa. Anayelitaka alinunue kwa muuza miche, ambaye hulizalisha kwa majani. Kulichimbua mwambani ni kuiba kilicho haba. Likishapatikana, lisinyunyiziwe maji baridi majanini, kwani hupata madoa.

Chini ya udongo pawe na tabaka la kokoto lililotenganishwa kwa wavu, ili maji ya ziada yashuke bila kuozesha mizizi. Pia pasitumike mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, wala mbolea za dukani, kwa sababu kila kinachowekwa udongoni hatimaye hufika kwa samaki.

Wanyama wachache, waliochaguliwa vyema

Maji ya lita 500 huonekana mengi, lakini sehemu yake huchukuliwa na mawe. Kundi moja la samaki wadogo 20 au 25 latosha kwa mwaka wa kwanza. Gapi ni rahisi kufuga mahali penye joto, ila jike mmoja huzaa makumi ya watoto karibu kila mwezi. Asiyetaka wingi huo achukue madume pekee. Ngege hufukua mimea akijenga kiota, naye kambale anayenunuliwa akiwa na urefu wa kidole huweza kuzidi mita moja na kuwameza wenzake wote.

Vyura huvutia, lakini wanyamapori wa nchi hii wanalindwa na sheria iliyopitishwa 2013, na kuwafuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Anayeagiza mimea kutoka ng'ambo naye hupitia kwa KEPHIS, shirika linalosimamia afya ya mimea. Taratibu hizi si za kumsumbua mwananchi. Sababu yake imeandikwa juu ya maziwa yetu.

Gugumaji lililoziba Ziwa Victoria lilitoka Amerika Kusini na kusambaa duniani kwa sababu moja kubwa: maua yake ni mazuri, na watu walilipanda kwenye vidimbwi vya mapambo. Lilionekana katika ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam pekee. Mashua zilikwama, wavuvi wakakosa pa kutupa nyavu, na fukusi wanaokula mmea huo wakaletwa kuupunguza. Hata leo gugumaji hurudi kila upepo na maji ya mbolea yanapoliruhusu.

Ziwa Naivasha lina masaibu yake. Gugu la salvinia, linalotoka Amerika Kusini pia, lilionekana huko katika miaka ya 1960, na mnamo 1970 wakatiwa humo kamba wa maji baridi kutoka Marekani ili wavuliwe. Kamba hao waliila mimea ya ndani ya ziwa hadi ikatoweka katika sehemu kubwa. Waliowatia walikuwa na nia njema.

Kwa sababu hiyo, ukurasa wa mwisho wa mpango uandikwe kabla ya kioo kununuliwa: nitafanya nini nikihama, nikiugua, au nikichoka? Samaki waliozidi wapewe mfugaji mwingine au warudishwe dukani, kamwe wasitupwe mtoni, bwawani wala chooni. Mimea iliyopogolewa ianikwe juani hadi ikauke kabisa kabla ya kutupwa, kwa kuwa kipande kidogo cha salvinia hutosha kuanzisha shamba zima. Maji yamwagwe kwenye udongo wa bustani, mbali na mtaro unaoelekea mtoni.

Anayeweza kujibu maswali haya yote kwenye karatasi moja, kuanzia sakafu hadi siku ya kukivunja chombo, na aende kwa fundi wa vioo. Asiyeweza aanze na lita 125, aishi nazo mwaka mzima, kisha aamue.